Saa 69.9 za Matsuri Takahashi

Oktoba 2015, Matsuri Takahashi alijaza fomu ya ovataimu kazini kwake Tokyo. Akaandika saa 69.9. Novemba akaandika 69.5. Kikomo kilichowekwa katika makubaliano ya kampuni yake na wafanyakazi kilikuwa saa 70 kwa mwezi. Mkaguzi akiletewa fomu hizo mbili bila kitu kingine, atasaini na kufungua faili linalofuata, maana hakuna kosa. Mimi nilipozisoma namba hizo mara ya kwanza nilirudi nyuma nikazisoma tena. Mtu anayekimbizana na kazi hajui leo ataondoka saa ngapi. Inakuwaje basi jumla ya mwezi mzima ije isimame kizingitini, miezi miwili mfululizo, isivuke hata kwa robo saa?

Tarehe 25 Desemba mwaka huohuo, siku ya Krismasi, Matsuri alijiua. Alikuwa na miaka 24, na hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja kazini.

Kampuni yenyewe ni Dentsu, kubwa kuliko zote za matangazo nchini Japani. Kisa hiki kimesimuliwa sana, na mara nyingi kinasimuliwa kama habari ya Wajapani na desturi yao ya kuabudu kazi. Hapo mimi sikubaliani. Ukikaa na kumbukumbu zake kwa utulivu, unachokiona ni kitu ambacho ofisi yoyote inaweza kukitengeneza: kazi iliyozidi watu, bosi mwenye dharau, na daftari linalosema mambo yako sawa. Nataka tuzifuate zile saa ambazo hazikuandikwa, tuone zilikwenda wapi.

Matsuri alilelewa na mama yake peke yake, Yukimi. Hawakuwa watu wa pesa. Binti alikazana na masomo mpaka akaingia Chuo Kikuu cha Tokyo, ambacho kwa mzazi wa Kijapani ni sawa na kuambiwa mlima umeisha. Akaenda China pia, akasoma kwa muda Chuo Kikuu cha Tsinghua. Aprili 2015 akaajiriwa Dentsu, kazi inayogombaniwa na maelfu ya vijana wanaomaliza vyuo. Sisi husema mchumia juani hulia kivulini. Kwa mama huyu jua lilikuwa limetosha, na kivuli chenyewe kilikuwa ndicho hiki.

Alipangiwa matangazo ya intaneti, na hapa lazima tusimame kidogo, maana ndiko saa zilikoanza kuvuja. Tangazo la gazeti likishachapwa limechapwa. Hata kama lina kosa, watu wanarudi nyumbani. Tangazo la intaneti halifungwi. Kila saa lina takwimu mpya: wangapi wameliona, wangapi wamelibonyeza, kila mbonyezo umegharimu kiasi gani. Mteja anataka ripoti kila wiki, na ndani ya ripoti anataka aambiwe nini kirekebishwe, na kikisharekebishwa anataka takwimu za marekebisho. Wa kuzikusanya namba hizo, kuzipanga na kuziandikia ripoti ni yule aliyeajiriwa juzi. Septemba 2016 viongozi wa Dentsu walisimama mbele ya waandishi wa habari kuomba radhi kwa jambo jingine kabisa, wateja kutozwa isivyo halali kwa matangazo hayohayo ya intaneti, na katika maelezo yao wakakiri kwamba upande huo wa kazi ulikuwa na upungufu wa watu. Pengo hilo halikuzaliwa siku ile ya kuomba radhi. Mwaka mmoja kabla, lilikuwa linazibwa na vijana kama Matsuri, kwa usingizi wao.

Mpaka Septemba 2015 alikuwa katika kipindi cha majaribio. Oktoba akawa mwajiriwa kamili, na kikundi chake kikapunguzwa watu. Ofisi ya serikali ya ukaguzi wa kazi ya Mita, mtaa mmoja wa Tokyo, iliyochunguza kifo chake baadaye, ilihesabu saa 105 za ovataimu kati ya 9 Oktoba na 7 Novemba. Tuzigawe ili zieleweke. Mwezi una kama siku 22 za kazi. Saa 105 juu ya siku hizo ni karibu saa 5 kila siku, baada ya saa 8 za kawaida. Ni saa 13 za kazi tupu, bado hujahesabu safari, chakula na kuoga. Kwa kulinganisha tu, sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka ovataimu isipite saa 50 katika kila wiki nne. Na hizo 105 ni zile ambazo serikali iliona zimethibitika. Wakili wa familia, Hiroshi Kawahito, aliyezikokotoa kwa rekodi za geti, alipata zaidi kwa mwezi wa Oktoba: kama 130.

Geti hilo ndilo shahidi wa kisa hiki. Jengo la makao makuu ya Dentsu lina mageti ya kadi. Unaingia, mashine inaandika dakika. Unatoka, inaandika dakika. Geti halina bosi, halina aibu, halina hofu ya kuonekana mvivu. Kwenye kumbukumbu zake kuna siku za mwisho wa Oktoba ambapo Matsuri alikaa ndani ya jengo zaidi ya saa 50 karibu bila kukatika, akatoka kwa dakika chache tu na kurudi. Huyu ndiye aliyeandika 69.9.

Basi tofauti kati ya geti na fomu iliwekwa wapi? Jibu lake ni kati ya mambo yaliyoniumiza zaidi katika kisa hiki chote. Dentsu kulikuwa na namna ya kuandika kwamba mfanyakazi yumo jengoni kwa shughuli zake binafsi. Saa zikizidi, zinahamishiwa huko. Kumbukumbu zinasema umebaki ofisini usiku kwa mambo yako mwenyewe: kujisomea, kujiendeleza, kupitisha muda. Fikiria binti aliyeshika ripoti ya mteja mpaka alfajiri, halafu karatasi inasema alikuwa hapo kwa hiari, kama mgeni. Alipoteza usingizi, akapoteza afya, na kwenye maandishi hata ile haki ya kusemwa kwamba alikuwa kazini ikampotea.

Matsuri alikuwa akiandika Twitter, na maandishi yake yakabaki. Anaandika ni saa kumi alfajiri na mwili unatetemeka. Anaandika kwamba Jumamosi na Jumapili zimechukuliwa tena. Anaandika kwamba hatamani kitu kingine isipokuwa kulala. Anaandika pia aliyoambiwa na mkubwa wake: kwamba ovataimu anayofanya ni hasara kwa kampuni, kwamba asije kazini na nywele timutimu na macho mekundu, kwamba kama kazi kiasi hiki inamwelemea basi uwezo wake ni mdogo. Aliambiwa hata kwamba hana mvuto wa kike.

Watu wengi huyatenganisha haya mawili. Saa nyingi zinawekwa kwenye fungu la sheria, maneno makali yanawekwa kwenye fungu la tabia. Mimi nayaona ni mashine moja. Mtu ukishamwambia ovataimu yake ni hasara, atathubutu vipi kuiandika? Kila saa atakayoongeza kwenye fomu ni ushahidi dhidi yake kwamba hana uwezo. Kwa hiyo anafanya kazi usiku kwa sababu kazi ipo, na anaificha kwa sababu ameaibishwa. Macho yanakuwa mekundu kwa kukesha, halafu anakaripiwa kwa wekundu wa macho. Mlango wa kutokea hauonekani, kwa sababu kila upande anaogeukia kosa ni lake. Kawahito alitaja pia mzigo mwingine wa wageni kazini: kuandaa karamu za idara, na karamu ikiisha kukalishwa na kukosolewa ilivyoandaliwa.

Ukaguzi wa Mita ulifikia uamuzi kwamba mapema Novemba Matsuri alikuwa tayari ameugua sonona. Wiki kama saba zikabaki. Asubuhi ya 25 Desemba alimtumia mama yake ujumbe wa kumshukuru kwa yote. Yukimi akampigia simu, akamsihi asife. Binti akaitikia. Sitaongeza neno hapo.

Kuna kitabu kidogo cha mfukoni ambacho wafanyakazi wa Dentsu walikuwa wakipewa. Ndani yake mlikuwa na kanuni kumi, maarufu kama kanuni kumi za zimwi, zilizoandikwa mwaka 1951 na Hideo Yoshida, rais wa kampuni wa wakati huo. Ya tano inasema ukishaishika kazi usiiachie, hata ukiuawa usiiachie, mpaka lengo litimie. Japani ya 1951 ilikuwa ikijijenga upya baada ya vita, na mtu anaweza kusema ni maneno ya kutia watu moyo tu. Lakini zimepita zaidi ya miongo sita, kijana anakabidhiwa kitabu siku za kwanza kazini, anakuta hilo ndilo neno la wazee wa nyumba. Hakuna aliyemwambia kwamba ni msemo tu.

Na si kwamba kampuni ilikuwa haijui maneno hayo yanaweza kufika wapi. Agosti 1991 kijana mwingine wa Dentsu, Ichiro Oshima, naye akiwa na miaka 24, naye akiwa mgeni kazini, alijiua baada ya miezi ya kukesha ofisini. Alikuwa upande wa matangazo ya redio. Wazazi wake walishtaki. Mahakamani yakatoka mambo mawili ambayo kila ninapoyakumbuka nashindwa kukaa kimya. La kwanza, saa alizoandika Oshima kwenye fomu zake zilikuwa chini sana ya saa alizofanya kweli. Fomu ilikuwa na ugonjwa uleule miaka 24 kabla ya Matsuri. La pili, bosi wake alimmiminia bia ndani ya kiatu akamtaka ainywe. Akainywa.

Kesi ilipofika mahakama kuu ya rufaa ya Tokyo, fidia ilipunguzwa. Hoja ilikuwa kwamba Oshima kwa tabia yake alikuwa mtu wa kujibebesha, anayetaka kila kitu kikamilike, na kwamba wazazi walioishi naye nyumba moja nao walikuwa na sehemu yao kwa kutomzuia. Tuitazame hoja hii kwa makini, kwa sababu bado iko hai maofisini. Bidii ndiyo iliyomfanya aajiriwe. Bidii ndiyo iliyokuwa ikisifiwa. Alipokufa, bidii ikageuzwa kuwa kasoro ya mwili wake, kama ugonjwa aliokuja nao kutoka kwao. Tarehe 24 Machi 2000 Mahakama ya Juu ya Japani iliikataa hoja hiyo. Ilisema mwajiri ana wajibu wa kuangalia uchovu na mzigo wa mawazo visirundikane mpaka vikaharibu afya ya mfanyakazi, na kwamba tabia ya mtu, ikiwa haijatoka nje ya tofauti za kawaida kati ya wafanyakazi, haiwezi kutumiwa kumpunguzia mwajiri lawama. Dentsu na wazazi wakamaliza shauri mwaka huohuo kwa fidia ya kama yeni milioni 168, na kampuni ikaomba radhi.

Hukumu hiyo inafundishwa mpaka leo kwa wanafunzi wa sheria za kazi Japani. Kanuni ya tano ikabaki kitabuni. Agosti 2015, wiki chache kabla ya Matsuri kuingia katika ule mwezi wa Oktoba, ofisi ya ukaguzi wa kazi ilikuwa imeionya Dentsu Tokyo kwa ovataimu haramu. Mwaka 2014 ilikuwa imeonywa Osaka. Kwa hiyo aliyetaka kujua alikuwa na hukumu ya mahakama ya juu, maonyo mawili ya serikali, na rekodi za geti lake mwenyewe. Siwezi kuita hiyo bahati mbaya.

Wajapani wana neno karoshi, kifo cha kufanyishwa kazi kupita kiasi, na Novemba 2014 ilianza kutumika sheria maalumu ya kukizuia. Wakaguzi wao wana mstari wanaoutumia: ovataimu ya saa 100 katika mwezi mmoja, au wastani wa saa 80 kwa miezi miwili hadi sita. Mtu akifa kwa moyo au kiharusi baada ya kuvuka hapo, uhusiano wa kifo na kazi unahesabiwa kuwa wa nguvu. Dunia nayo imepimwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Hesabu hiyo ni ya moyo na kiharusi peke yake. Matsuri na Oshima hawamo.

Tarehe 30 Septemba 2016 ofisi ya Mita iliamua rasmi kwamba kifo cha Matsuri kilisababishwa na kazi. Siku saba baadaye Yukimi alikaa mbele ya waandishi wa habari akiwa na Kawahito. Familia nyingi katika hali yake huchukua fidia na kunyamaza, na hakuna wa kuzilaumu. Yeye alitaja jina la binti yake, akaruhusu maandishi yake yasomwe. Hapo ndipo nchi ilipotikisika. Mwezi uliofuata, Novemba, makumi ya maofisa wa wizara ya kazi waliingia makao makuu na kwenye matawi kupekua. Kampuni ilikuwa imeanza, tangu Oktoba, kuzima taa za jengo saa nne usiku. Kanuni kumi zikaondolewa kwenye kitabu cha mwaka 2017. Rais wake, Tadashi Ishii, akatangaza Desemba kwamba anajiuzulu, na Januari 2017 kampuni ikasaini makubaliano na Yukimi ya kumwomba radhi, kumlipa fidia na kuchukua hatua za kuzuia yasijirudie.

Kuhusu zile taa nina wasiwasi niliobaki nao. Jengo likiwa giza linapendeza kwenye picha ya gazeti, na pengine liliwanusuru wengine, hilo silidharau. Lakini ripoti ya mteja haizimiki kwa swichi. Kama watu hawajaongezwa na wateja hawajaambiwa wasubiri, kazi itatoka na mtu mlangoni ikiwa ndani ya begi lake, na huko inakokwenda hakuna geti la kuandika dakika. Mwaka 2019 Dentsu ilipokea tena agizo la serikali la kurekebisha mambo ya saa za kazi.

Mahakamani mambo yalikwenda upesi. Waendesha mashtaka walitaka shauri limalizwe kwa makaratasi, bila watu kukaa kizimbani. Mahakama ikakataa, ikataka kesi isikilizwe hadharani, na rais mpya wa kampuni akaja kusimama mbele ya hakimu. Tarehe 6 Oktoba 2017 Dentsu ilitiwa hatiani kwa kuwafanyisha wafanyakazi wanne, Matsuri mmoja wao, ovataimu haramu. Faini: yeni 500,000. Kwa wakati ule ni kama dola 4,400. Wakubwa wake wa kazi hawakushtakiwa.

Sheria ya kurekebisha utendaji kazi ilipitishwa Juni 2018, ikaanza kwa kampuni kubwa Aprili 2019. Kwa mara ya kwanza Japani ikawa na kikomo cha ovataimu chenye adhabu: saa 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka. Ni hatua kubwa na walioilipia tunawajua. Lakini sheria hiyohiyo ina mlango wa nyuma kwa vipindi vya kazi nyingi. Humo kikomo ni chini ya saa 100 kwa mwezi, na wastani usiopita 80 kwa miezi miwili hadi sita. Rudi uusome tena ule mstari wa karoshi. Ni namba zilezile. Familia za waliokufa zilipinga, Yukimi akiwa mmoja wao, zikauliza serikali inawezaje kuhalalisha kiwango ambacho wakaguzi wake wenyewe wanakiita cha kifo. Namba zikapita hivyohivyo.

Kila 25 Desemba Yukimi hutoa maandishi kwa umma, kuhusu binti yake na kuhusu kazi. Na mfanyakazi wa Tokyo ambaye mwezi wake umekuwa mgumu, akiandika kwenye fomu saa 99.9, fomu yake haina kosa.